Kabla hujanunua globu kali, pima taa ulizonazo

Mkuu, umesema ukiendesha usiku huoni vizuri na fundi amekushauri ufunge globu za LED kwenye taa za gari. Subiri kwanza.

Mwaka jana natoka Muheza usiku, buti imejaa viroba vya machungwa. Kuanzia Segera kila lori nililopishana nalo lilinipiga ful (taa kali za kumulika mbali), na mimi ful yangu nimezima. Nikakasirika sana. Kufika Chalinze nikashuka, nikasimama hatua chache mbele ya gari: taa za kawaida zilikuwa zinanichoma machoni. Mzigo umekalisha nyuma, pua imeinuka, mwanga unamulika miti. Ndiyo maana hata mimi lami sikuiona.

Na LED ukiiweka kwenye taa iliyotengenezewa globu ya halojeni, mara nyingi mwanga unatawanyika, kwa sababu kioo cha ndani kimepangiwa pale uzi wa globu unapokaa. Utawapofusha wenzako na bado usione mbali.

Fanya hivi jioni. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, jaza upepo matairi sawasawa, mtu akae kiti cha dereva. Sogeza gari karibu na ukuta, bandika tepu usawa wa katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma moja kwa moja mita 10. Washa taa za kawaida. Ukingo wa juu wa mwanga ukae kama sentimita 10 chini ya tepu. Taa zangu ziko sentimita 65 kutoka ardhini, kwa hiyo mwanga unagusa lami mita 65 mbele. Kwa spidi 80 hizo ni sekunde tatu tu, usishushe kupita hapo.

Pima taa moja moja. Nyingine ikinge kwa boksi lililosimama mbele yake, usiifunike na nguo, inapata joto. Skrubu za kupandisha na kushusha mwanga ziko nyuma ya taa ukifungua boneti, nyingi zinakubali bisibisi ya nyota. Geuza polepole.

Sisi tunaendesha kushoto, hivyo mwanga unatakiwa kupanda kidogo upande wa kushoto, kulia ubaki chini. Ukiona unapanda kulia, taa hizo ni za nchi wanazoendesha kulia. Badilisha taa nzima, skrubu haitasaidia.

Kama dashibodi yako ina kile kigurudumu cha kushusha taa, pima kikiwa kwenye 0, siku ya mzigo ukiongeze. Langu halina. Nikienda Muheza nabeba bisibisi, nahesabu mizunguko wakati wa kushusha, nikishapakua viroba narudisha mizunguko ile ile.