Umejiandikia printf kwa C? Angalia -2147483648, %c na va_list

Mkuu, umesema printf yako, fankisheni ya kuchapa maandishi, inachapa %d (namba kamili) vizuri mpaka uipe -2147483648, na kwamba kompaila inalalamikia %c (herufi moja). Yote mawili yalinikuta nilipojiandikia ya kwangu.

Naanza na %c. Bila shaka umeandika va_arg(ap, char): ap ni va_list, inayokumbuka umefika hoja ipi, na va_arg husoma hoja inayofuata. Kwenye fankisheni yenye nukta tatu (...), inayopokea hoja za idadi yoyote, char na short hupandishwa kuwa int kabla hazijakufikia, na float huwa double. Soma int, kisha uigeuze iwe unsigned char.

Sasa hiyo namba. int ya biti 32 inaanzia -2147483648 inaishia 2147483647, yaani upande wa hasi umezidi kwa moja. Ukiandika n = -n, jibu halina pa kukaa, na C haikuahidi kitakachofuata. Mimi niliweka if maalumu ya kuchapa zile herufi 11 moja kwa moja. Ilifanya kazi mpaka nilipoongeza upana, %15d (angalau nafasi 15), nikakuta if yangu haijui kujaza nafasi. Niliifuta. Fanya hivi: unsigned int u = n; if (n < 0) u = 0u - u; Hesabu za unsigned (namba zisizo na hasi) huzunguka kwa kanuni, kwa hiyo unabaki na 2147483648 kamili. Endelea kugawa kwa 10, masalio uyapange kwenye safu ukianzia nyuma. Kwa %x (namba za msingi wa 16), soma unsigned int bila ile hatua ya hasi, ubadilishe 10 iwe 16, na masalio 10 hadi 15 yawe a hadi f.

Lililonitesa zaidi hujakutana nalo bado. Nilikuwa naipa ap fankisheni ndogo isome hoja, halafu narudi kuendelea na ap ileile. Kwenye Linux ya x86-64 kila kitu kilikwenda sawa. Nilipohamia bodi ya ARM ya biti 32, %d ya pili ikarudia namba ya kwanza! Nilikesha nikikagua hesabu zangu, kumbe hazikuwa na kosa. Kule va_list ilinakiliwa, nakala ikasogea, ya kwangu ikabaki palepale. Kwenye x86-64 va_list ni safu, hivyo hupita kama kielekezi (pointer) kwenye ileile ya kwangu, na kosa likajificha. Pitisha &ap, upokee va_list *. Tangu siku hiyo siandiki vingine.

Ukijaribu, linganisha na printf halisi pia idadi ya herufi inayorudishwa, siyo maandishi tu. Na uipe %.0d (idadi ya chini ya tarakimu ni sifuri) thamani 0: haitakiwi kuchapa chochote, na irudishe 0.