Jibu: Usiiuze programu hiyo kabla ya kuiona leseni yake

Usiibadilishe jina, usiiuze, na kama umekwisha kumwahidi mwenye duka, mpigie simu leo hii umwambie asubiri. Umesema umeikuta GitHub (tovuti ambako waundaji huweka miradi yao ya programu) programu ndogo ya kuhesabu bidhaa na kutoa risiti, kwamba unataka kuitia nembo yako uwauzie wenye maduka ya vipuri Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kisha ukauliza utumie hifadhidata gani, kompyuta ya aina gani, na malipo ya M-Pesa yaunganishwe vipi. Mimi nimekwama kwenye picha uliyobandika. Naona README (faili la maelezo), naona package.json (faili lenye orodha ya vijenzi inavyotumia programu), naona folda ya nembo; faili la LICENSE, yaani leseni, silioni.

Msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kuonekana na kila mtu hakuufanyi kuwa huria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazihesabu programu za kompyuta pamoja na kazi za fasihi (naam, risiti za vipuri na tenzi ziko fungu moja), na mwandishi wake hulindwa hata kama hakuisajili popote. Masharti ya GitHub yanakuruhusu kuutazama mradi ulio wazi na kuunakili humohumo ndani ya GitHub. Hayakuruhusu kuupeleka dukani ukawatoza watu fedha. Pasipo leseni, huna ruhusa.

Hayo hakunieleza mkufunzi niliyemlipa ada kamili anifundishe kuunda mifumo. Alisimama mbele yetu, akatangaza bila kupepesa macho kwamba kilichowekwa mtandaoni bila nenosiri ni cha umma, nasi tukaandika daftarini. Natumaini mlango wake hauna komeo, tumtembelee kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa elimu hiyo niliunda mfumo wa mikopo wa SACCO moja ya hapa jijini, na sehemu ya kukokotoa riba nikaitoa katika mradi wa mtu mmoja usiokuwa na leseni. Mfumo ulifanya kazi vizuri, na huo ndio uliokuwa mtego wenyewe, kwa sababu hakuna aliyeuliza lolote hadi malipo ya mwisho yalipokaribia na mkaguzi wao akaitisha orodha ya kila kijenzi kilichotumika pamoja na leseni yake. Kwenye mstari wa riba niliandika neno moja, "huria". Akauliza, "Huria kwa karatasi ipi?" Nikamwandikia mwenye mradi barua pepe nikiamini atafurahi kusikia kazi yake imefika Nairobi. Alijibu kwa adabu kwamba msimbo ule aliuandika akiwa kazini, kwamba haki zake ni za mwajiri wake, na kwamba hata angetaka hakuwa na uwezo wa kuniruhusu. SACCO ikazuia malipo. Nikaiandika sehemu ile upya kutoka mwanzo, bila kuuchungulia msimbo wa awali, huku mteja akikata fidia ya ucheleweshaji kama mkataba ulivyosema, mpaka faida yote ikaliwa na kompyuta yangu ya pili ikauzwa ili nilipe kodi ya nyumba. Nilipomlalamikia mkufunzi, alinishauri niwe nafuta majina ya waandishi ndani ya mafaili. Angalau ushauri huo hakuutoza.

Wala usijifariji kwamba hakuna atakayejua. Mwaka 2008 Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huria, iliishtaki Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, kuhusu programu zenye leseni ya GPL (nitaieleza hapa chini) zilizokuwamo katika vifaa vyake vya chapa ya Linksys, na mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama. Kama kampuni ya ukubwa huo ilifikishwa mahakamani, sembuse wewe na mimi.

Leseni ikiwapo, isome yote, maana hazifanani. Ya MIT itakuacha uuze upendavyo, mradi ubakize tangazo la hakimiliki na matini ya leseni yenyewe. GPL nayo haikatazi kuuza, lakini mteja unayemkabidhi programu ana haki ya kupata msimbo chanzo na kuwagawia majirani zake wote wa Kirinyaga bila kukulipa chochote; hesabu hiyo uipige kabla ya kupanga bei. AGPL inakwenda mbali zaidi: ukiubadilisha msimbo, hata wanaoutumia kupitia mtandao tu lazima uwape njia ya kuupata. Halafu ufungue package.json yako ukague leseni za maktaba (vijenzi vilivyoandikwa na wengine) zilizotajwa humo, moja baada ya nyingine.

Hifadhidata, SQLite inatosha duka moja, na waandishi wake wameitoa kabisa iwe mali ya umma. Kompyuta na M-Pesa watakujibu wengine.

Mwandikie mwenye mradi leo, umwulize kama msimbo wote ni wake mwenyewe, kisha umwombe aweke faili la leseni kwenye mradi. Akikujibu, bandika jibu lake hapa tulisome kabla hujachapisha hata kadi ya biashara.