Anaaga kwenda kazini, kazi hana

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni fundi wa programu, amefanya kazi miaka 7 katika kampuni moja hapa mjini. Juzi nilipokuwa nafua nilikuta barua kwenye suruali yake: ameachishwa siku 12 zilizopita, kazi yao imepewa kampuni ya Bangalore, India. Hajaniambia. Kila asubuhi anavaa kitambulisho shingoni, anaaga watoto, anaondoka. Jirani amemwona ameketi Nyerere Square. Sasa naelewa yule kijana aliyekuwa akimfundisha kwa video wiki tatu nzima, saa moja asubuhi, maana kule wametutangulia saa mbili na nusu. Kumbe alikuwa anamkabidhi kazi yake! Nimwanzeje?
Mama wa watoto wawili, Ipagala, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Usimfuate Nyerere Square.

Nilipokuwa msichana nilikuwa mpiga chapa. Kompyuta zilipoingia ofisini, kati yetu sita wakabaki wawili, na mimi sikuwa mmoja wao. Siku ya nne dada yangu akanikuta soko la Majengo, saa nne asubuhi, na mkoba wangu wa kazini. Hakuuliza kitu. Akasema, "Nishikie hizi nyanya." Tulipofika kwake nilimweleza yote, chai hata haijachemka.

Basi na wewe mtafutie nyanya zako. Watoto wakilala, mwombe mkae nje, mwambie barua umeiona. Usijifanye hujui, mtakuwa mnadanganyana wawili. Akinyamaza, nyamaza naye. Yale ya "Mungu ana makusudi yake" yaache kwanza, mimi yalinikera hadi nikaacha kwenda jumuiya. Na kijana wa Bangalore usimtukane. Mumeo amekaa naye wiki tatu, huenda hata anamhurumia. Aliyepiga hesabu ya mishahara ni mwajiri.

Kesho yake chukueni kalenda, hapa sina upole. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nanyi 12 zimeshakwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na akae nao kushauriana. Muulize mumeo: waliitwa kikao, au waliitwa kupewa barua? Kiinua mgongo kisipungue mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, kwake siku 49. Notisi na likizo ambayo hakuchukua vinahesabiwa kando. Adai na cheti cha utumishi. Pia aulize NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuhusu fao la kukosa ajira, wengi hulisahau.

Mama mkwe wako ataambiwa na mwanawe, siku atakayochagua mwenyewe. Wewe usimtangulie, hata kama ada za shule zinabana.

Kile kitambulisho usikifiche. Akitaka kukivaa wiki moja zaidi, mwache.