Kori 32 hazikupi kasi mara 32

Ndugu uliyeuliza kuhusu modeli ya maji ya ardhini ya Nyanda za Kano: unasema inakesha kwenye laptopu yako ya kori 4 (vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa), na mjomba yuko tayari kukununulia mashine ya kori 32. Mwambie asubiri kidogo.

Nimeendesha modeli za namna hiyo hapa Kisumu kwa FEniCS, programu huria ya kutatua milinganyo kwenye wavu wa vipande vidogo. Kazi ngumu ya kutatua milinganyo hufanywa chini yake na PETSc, maktaba iliyotoka maabara ya Argonne huko Marekani. Wengi hawaigusi. Wanaandika mlinganyo, wanachora wavu, wanabonyeza, wanaenda kulala.

Anza kwa kuongeza -ksp_monitor kwenye amri yako, kisha ukae uangalie. Kila mstari unaoshuka kwenye skrini ni hatua moja, na namba iliyo mwishoni ni mabaki, yaani kiasi ambacho jibu bado halijatosheleza milinganyo, yanayotakiwa kupungua. Pale Kano mfinyanzi na mchanga vimepandana, na maji hupita kwenye mchanga kwa wepesi mara elfu na zaidi kuliko kwenye mfinyanzi. Kwa hali hiyo mistari itateremka kwa mamia huku mabaki yamegoma palepale. Sababu ni kwamba PETSc isipoambiwa lolote hutumia GMRES, mbinu ya jumla ya kutatua hatua kwa hatua, na ukiendesha kwa MPI (mfumo wa kugawa kazi kwa prosesi kadhaa, yaani nakala za programu zinazokwenda pamoja) kila prosesi hushughulikia kipande chake bila kujali cha jirani. Ukiongeza prosesi, hatua nazo zinaongezeka. Yaani unalipia kori ili kazi izidi!

Mlinganyo wako unatoa matriksi (jedwali la namba za milinganyo) linganifu na chanya, hali inayofaa kwa mbinu iitwayo CG, kwa hiyo andika:

-ksp_type cg -pc_type hypre -pc_hypre_type boomeramg

BoomerAMG, ya watu wa Lawrence Livermore, hutengeneza matoleo madogo madogo ya matriksi yako. Kosa lililotanda eneo zima hurekebishwa kwenye toleo dogo, lile la mahali pamoja kwenye kubwa. Hata ukiufanya wavu kuwa mwembamba zaidi, idadi ya hatua haipandi sana. Kwangu mimi mstari huo mmoja umeokoa muda kuliko mashine yoyote niliyowahi kuongezewa. Na kama modeli inakwenda kwa wakati, urefu wa hatua ya wakati ukiwa haubadiliki, matriksi ni ileile tangu mwanzo. Iandae mara moja, uitumie mpaka mwisho.

Sasa turudi kwa mashine. Hesabu zenyewe hapa ni nyepesi. Kinachochelewesha ni kubeba namba kutoka kwenye RAM, na kori zote zinagombea njia ileile. Ni ghala la mpunga pale Ahero lenye wapagazi 32 na mlango mmoja. Kwa hiyo dukani usiulize kori tu. Uliza chaneli za kumbukumbu (njia za kufikia RAM) ni ngapi, na kama kila chaneli ina kibao chake cha RAM, maana mashine nyingi huuzwa na kibao kimoja kikubwa halafu nafasi nyingine ziko tupu. Ukiruhusiwa kuijaribu, endesha make streams ndani ya folda ya PETSc. Itakuonyesha kasi inapogotea.

Pia angalia ukubwa wa tatizo lenyewe. Wenye PETSc wanashauri kila prosesi iwe na angalau visivyojulikana (namba za kutafutwa) 10,000, ikiwezekana 20,000. Wewe umetaja nodi 150,000 hivi (vituo vya wavu, kila kimoja na kisichojulikana kimoja), basi prosesi 15 ndiyo dari. Ukivuka hapo, vipande vinakuwa vidogo na mipaka mingi, na muda unaishia kwenye kupashana habari.

Aliyependekeza kuunganisha kompyuta za maabara kwa waya wa kawaida, wazo si baya kwa kujifunzia. Ila kila hatua ya CG ina jumla ambazo prosesi zote lazima zichangie kabla ya kuendelea. Kompyuta moja ikiwa kuukuu, zote zinaisubiri.

Mengine ni madogo. Weka export OMP_NUM_THREADS=1, la sivyo kila prosesi inaweza kuzaa nyuzi zake (kazi ndogo zinazokwenda sambamba) na zikakanyagana. Hifadhi matokeo diskini kila baada ya hatua kadhaa. Stima za huku unazijua.

Endesha tena kwa prosesi 1, 2 na 4 ukiwa na -log_view, inayopima muda wa kila kazi, ubandike hapa jedwali la mwisho. Tutazame KSPSolve (kutatua) na PCSetUp (maandalizi) vinakula kiasi gani, ndipo tuzungumzie pesa za mjomba.