Kifo kikitokea wodini, anzeni na saa kabla ya majina

Nimekaa kwenye vikao vya kukagua vifo kwa miaka mingi, katika wodi za kina mama hapa Nairobi, na vingi huharibika dakika tano za kwanza. Mtu anauliza, "Nani alikuwa zamu?" Basi. Muuguzi kijana anainamisha kichwa, daktari wa mafunzo anaanza kujitetea, na hakuna tena atakayesema alichokiona.

Swali la kwanza liwe: ilikuwa saa ngapi? Chukueni faili na karatasi kubwa, mpange kila tukio kwa saa yake kabla hamjataja sababu yoyote. Mama alifika lini, alionwa lini, presha ilipimwa lini, damu iliagizwa lini, ikatundikwa lini. Maelezo ya mwisho ya daktari yasomwe mwishoni, kwa kuwa yaliandikwa mgonjwa akiwa tayari amefariki, na mambo yanakuwa yamenyooka kuliko yalivyokuwa usiku ule. Mahali pasipo na maandishi, andikeni "hakuna rekodi". Msipazibe kwa kukisia.

Kisa kimoja kitaeleza ninachomaanisha. Mama alijifungua salama jioni, baadaye akaanza kuvuja damu. Sote tuliingia kikaoni tukiamini kwamba hospitali haikuwa na damu. Karatasi ya saa ikakataa. Damu ya kundi lake ilikuwa kwenye friji. Iliombwa saa mbili na robo usiku. Maabara ikarudisha fomu kwa kukosa sahihi. Ikasainiwa, ikalala mezani kwa sababu mhudumu wa kuipeleka alikuwa amemsukuma mgonjwa mwingine eksrei. Paketi ya kwanza ilitundikwa saa nne kasorobo. Hakuna aliyekuwa amelala. Kila mmoja alikuwa akifanya kazi yake, na mama akafa huku zikifanywa. Tulichobadilisha hakikuhitaji pesa ya kaunti: kila zamu ikapewa mtu mmoja wa kukimbilia damu, anayeruhusiwa kuacha chochote alichoshika.

Na hili si la wodi moja. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa vifo vya kina mama Kenya, uliopitia vifo vya mwaka 2014, ulikuta kuwa takriban wanawake tisa kati ya kila kumi waliofariki walipata huduma yenye kasoro, na kuvuja damu ndiko kulikoongoza kwa kuua. Uingereza wamekuwa wakifanya uchunguzi kama huo tangu 1952. Mwongozo wa hapa Kenya unataka kifo cha mama kiripotiwe ndani ya saa 24 na kikaguliwe ndani ya siku 7. Shikeni hizo siku 7. Zikipita, zamu zimebadilika, daktari wa mafunzo amehamishiwa wodi nyingine, na kumbukumbu zimegeuka uvumi.

Zungumzeni pia na jamaa, mkianza na pole ya kweli. Faili hufunguliwa mlangoni kwa kasualti, lakini mama alitoka mtaani, Mukuru au Kayole, akapitia kliniki moja au mbili, akangoja gari. Mume au dada yake ndiye anayejua saa hizo.

Uzembe wa kweli upo, sitauficha. Una njia yake, kwenye mabaraza ya taaluma. Mkiugeuza ukaguzi kuwa mahakama, mtakachopata kikao kijacho ni mafaili yaliyoandikwa upya.

Maazimio nayo yawe ya kushikika. "Kuboresha mawasiliano" si azimio. "Msimamizi wa maabara ataanza kupokea maombi ya dharura kwa simu kufikia Ijumaa" ni azimio. Kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kusoma yale ya nyuma, na lililokwama litajwe limekwamia ofisi gani. Nakala isiyo na majina ibandikwe chumba cha wauguzi, maana watu wa zamu ya usiku huwa wameshaenda nyumbani kikao kinapoanza saa nne asubuhi.