Maswali na Majibu: Ninajua Kukokotoa, Lakini Nilishindwa Kueleza

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya uhandisi ujenzi hapa Dar es Salaam, na papo hapo ni mkufunzi msaidizi: kila Alhamisi mchana ninaendesha kipindi cha mazoezi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili wanaosoma nadharia ya miundo. Shahada ya kwanza nilihitimu kwa GPA ya 4.1, na hesabu za boriti ninazifanya bila kufungua daftari.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimemaliza kukokotoa momenti, yaani kiasi ambacho mzigo unajaribu kuipinda boriti, kwa boriti ya mita 6 inayobeba kilonyutoni 20 (kipimo cha nguvu) kwa kila mita, tukapata kilonyutoni-mita 90. Kijana mmoja ambaye baba yake ni fundi ujenzi akanyoosha mkono na kuuliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, mbona saiti nondo nene za boriti tunaziweka chini, lakini za roshani tunaambiwa zikae juu?" Nilimjibu kwamba kwenye roshani momenti ni hasi, nikafuta ubao, nikaingia swali lililofuata. Ukweli ni kwamba sikuwa na maelezo mengine. Tangu siku ile naingia darasani kwa hofu, na kwa kuwa utafiti wangu wa zege nao unanidai muda, nafikiria kuiacha kazi hii nibaki mwanafunzi tu. Nifanyeje?

*M., Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba. Kazi usiiache, na hasa usiiache kwa sababu ya swali lile, maana huenda ndilo swali bora kuliko yote ambayo darasa lako limekuuliza. Nami niliwahi kusimama hapo uliposimama. Mwaka wangu wa kwanza wa kusaidia kufundisha nilikuwa nikiyatatua mazoezi yote usiku wa kuamkia kipindi, kisha nikifika ubaoni ninayamwaga kama nilivyoyakariri, na ilinichukua muda kukubali kwamba mitihani yangu ilikuwa imenipima kukokotoa, ilhali wanafunzi wale walikuwa wananipima kuelewa.

Jibu ulilompa kijana si kosa, ila halikumfikisha popote. Hasi na chanya ni makubaliano ya watu wanaochora michoro ya momenti. Zege lenyewe halina habari nayo. Kinacholihusu zege ni kubanwa na kuvutwa: likibanwa hustahimili sana, lakini likivutwa uwezo wake ni takribani sehemu moja tu ya kumi ya ule wa kubanwa, ndiyo maana tunalisaidia kwa chuma pale linapovutwa. Wala usidhani kwamba swali hilo ni la kitoto. Joseph Monier, mtunza bustani wa Ufaransa, alipata hataza ya vyungu vya mimea vya saruji na chuma mwaka 1867, lakini ilibidi kungoja hadi miaka ya 1880 ndipo Matthias Koenen wa Ujerumani alipoonyesha kwa hesabu kwamba chuma kinapaswa kukaa upande unaovutwa.

Alhamisi ijayo nenda na kipande cha sponji ya godoro, kinene kama ngumi na kirefu kama mkono hadi kwenye kiwiko. Ubavuni mwake chora kwa kalamu mistari iliyosimama, ikiachana kwa upana wa kidole. Kiegemeze kwenye vitabu viwili, kimoja kila mwisho, ukibonyeze katikati: mistari itaachana upande wa chini na kusongamana upande wa juu. Hiyo ndiyo boriti yako ya mita 6. Kisha kigandamize mwisho mmoja juu ya meza kwa vitabu vizito, mwingine uning'inie nje ya meza, ubonyeze ncha hiyo. Sasa mistari inaachana juu, tena zaidi pale karibu na ukingo wa meza. Hiyo ndiyo roshani. Mwachie kijana yule aseme mwenyewe nondo ziende wapi, halafu ndipo urudi ubaoni kuonyesha kwamba ile alama ya hasi ilikuwa inasema jambo hilohilo.

Ila kabla ya sponji, waambie wazi kwamba swali la mwenzao ulilipita juu juu na kwamba umerudi kulijibu. Sioni kwamba heshima yako itapungua. Ninachokihofia mimi ni kijana yule kuondoka akiamini kwamba aliyoyaona saiti na anayoyasoma darasani ni mambo mawili yasiyohusiana, kwani nondo za juu za roshani zikikanyagwa na wamwaga zege mpaka zikalala chini, roshani hupasuka pale inapoungana na nyumba, na yaweza kuanguka na watu. Mhandisi anayejua sababu atasimama pale na kuamuru ziinuliwe.

Tena aliuliza kwa Kiswahili, nami ningemjibu kwa Kiswahili. Wengi wa wanafunzi hao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakakutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza, na wapo wanaozijua fomula kwa lugha ambayo hawajawahi kufikiria ndani yake. Eleza wazo kwa Kiswahili hadi lieleweke, kisha wape istilahi za Kiingereza, maana mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Siku wakienda saiti, fundi watamweleza kwa Kiswahili.

Kuhusu utafiti wako, nadhani tatizo ni ratiba zaidi ya kazi yenyewe. Kama unavunja vipande vya zege vya milimita 150 ili kupima nguvu yake siku ya 7 na siku ya 28 baada ya kumwaga, kumbuka kwamba zote mbili zinaangukia siku ileile ya wiki uliyomwagia. Ukimwaga Alhamisi, utakuwa umejifunga Alhamisi mbili za mashine zinazogongana na kipindi chako. Mwaga Jumatatu.