Maswali na majibu: Me 262, ndege ya kivita ya jeti ya Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia; tuanze na injini

Ni kweli Hitler ndiye aliyeichelewesha kwa kutaka ibebe mabomu?

Swali hili halichoki kuja. Agizo la mabomu lilikuwepo, na Mei 1944 Hitler alifoka alipojua kuwa halikutekelezwa. Lakini injini zilikuwa wapi? Jumo 004B, injini yake ya jeti iliyoundwa na kampuni ya Junkers, haikutoka kiwandani kwa wingi hadi katikati ya 1944. Nikeli na kromi zilikuwa adimu Ujerumani, hivyo vyumba vya kuchomea mafuta viliundwa kwa chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Joto lilikimaliza mapema, na mapanga ya turbini nayo hayakudumu: injini ilihesabiwa maisha ya saa 10 hadi 25 tu. Kumtwisha Hitler mzigo wote ni kuwabebea utetezi makamanda na wahandisi waliotaka kujisafisha baada ya vita.

Ndiyo jeti ya kwanza kuruka duniani?

Hapana. Ni Heinkel He 178, tarehe 27 Agosti 1939. Tusirudie tena.

Kwa nini marubani walikatazwa kusukuma wenzo wa mafuta ghafla?

Kompresa (sehemu inayoshindilia hewa ndani ya injini) ya hatua 8 huchelewa kushika kasi. Ukimwaga mafuta kabla hewa haijatosha, moto unavuka hadi kwenye turbini na kuunguza mapanga. Ukiurudisha wenzo kwa pupa, hasa juu sana, injini inazimika. Ndiyo maana wakati wa kutua ndege hii ilikuwa windo rahisi: ikishapunguza mwendo, haikuweza kuongeza kasi upesi ikakimbia. Marubani wa Mustang, ndege za kivita za Marekani, walilijua hilo, wakawa wanaizengea karibu na viwanja vyake.

Nasikia iliwashwa kwa kamba.

Kamba ilikuwa ya akiba. Kwenye mdomo wa kila injini kulikuwa na kiinjini cha Riedel cha pistoni, ambacho kwa kawaida kiliwashwa kwa umeme. Umeme ukigoma, fundi alivuta kamba kama anayewasha jenereta ndogo. Kiinjini kilizungusha kompresa, petroli ikaanzisha moto, kisha yakafuata mafuta mazito ya J2.

Mabawa yalilazwa nyuma ili ivuke kasi ya sauti?

La. Injini zilikuja nzito kuliko ilivyopangwa, mabawa yakalazwa ili kurekebisha kitovu cha uzito.

Zilitengenezwa ngapi?

Zaidi ya 1,400, nyingi zisipigane kamwe. Wanaoziita muujiza wakumbuke pia mahandaki ya St. Georgen, Austria, ambako wafungwa wa kambi ya mateso ya Gusen walilazimishwa kuunda mabodi yake.

Naunda modeli ya V3, Me 262 ya tatu ya majaribio. Niweke gurudumu la mbele?

Usiweke! V3 ilikalia gurudumu la mkia. Tarehe 18 Julai 1942, pale Leipheim, Ujerumani, mabawa yaliukinga mkia usipate hewa ya kuuinua, ikambidi rubani wa majaribio Fritz Wendel aguse breki katikati ya mbio za kuruka, mkia ukanyanyuka. Gurudumu la mbele lilianza na V5, nalo halikukunjwa.